Nyundo na Gunia la Mchanga

Ukipita kwenye gereji za Kasese asubuhi, utasikia nyundo kabla ya kuona gari. Ko, ko, ko. Inanyamaza, halafu ko tena. Huyo ni fundi bodi. Hiace au Fuso ikigongwa njiani kutoka Mpondwe, inaletwa kwake airudishie sura.

Mimi nafanya kazi na vijana. Nimetoka ng'ambo ya mpaka kama wengi wenu, na kila wiki nazunguka Bwera na Kasese kuwatembelea vijana walio kwa mafundi. Mmoja ana miaka 17, kwao ni upande wa Beni. Yuko kwa mzee mmoja mwaka wa pili sasa. Siku moja nilimkuta anatengeneza madigadi ya Hiace, maana spea ilikosekana. Alilaza bati bapa juu ya gunia dogo la mchanga, akaligonga polepole. Pale nyundo inapopiga, bati linakuwa jembamba, linatanuka, linapanda tumbo. Kisha akalilainisha juu ya chuma cha mviringo. Mzee akamwambia, "Mwanangu, funga macho upitishe kiganja. Jicho linadanganywa na mwanga." Akapitisha, akakuta kibonde ambacho mimi sikukiona.

Ndugu msomaji, gunia hilo la mchanga lina historia kubwa. Baada ya vita ya pili ya dunia, kule Italia, magari mazuri kabisa ya mbio yalivalishwa bodi namna hiyohiyo. Kiwanda kilitoa injini na fremu, fundi akafua bati la alumini kwa mkono. Sergio Scaglietti wa Modena alifiwa na baba yake, akaanza kazi ya bodi akiwa na miaka 13. Baadaye yeye na watu wake wakawa wanatengeneza bodi za Ferrari, wakigonga alumini juu ya magunia ya mchanga, mara nyingi kwa kukadiria kwa jicho. Magari mawili ya aina moja hayakulingana kabisa. Moja ya Ferrari 250 GTO za karakana yake liliuzwa mwaka 2018 kwa zaidi ya dola milioni 48.

Kule Turin, Battista Farina naye aliingia karakana ya kaka yake angali mtoto. Walimwita Pinin, yaani mdogo. Gari lake la Cisitalia 202 lilionyeshwa mwaka 1951 kwenye jumba la sanaa la New York, kama vile watu wanavyoonyesha sanamu.

Wote wawili walijifunzia karakanani, kwa kusimama karibu na mkubwa anayejua.

Sasa, mradi mmoja wa mafunzo ulipokuja kuandikisha vijana, fomu ilikuwa na ushonaji, saluni, useremala na kutengeneza simu. Kazi ya bodi haikuwemo. Mwandikishaji akauliza, "Ana cheti gani?" Hana. Basi ikaandikwa: hana ujuzi. Kijana akatia sahihi chini yake.

Wazazi wetu, nawaelewa. Mtoto anayeshinda gereji haleti hela miezi ya kwanza, na wengi wanamtoa akabebe mizigo mpakani. Mkiweza, mwacheni amalize.

Na ninyi wafanyakazi wa mashirika, kabla hamjaandika kwamba mtu hana ujuzi, mpeni mlango uliobonyea na mchana mmoja. Mzee anayemfundisha mhesabuni kuwa mwalimu, mumlipe kama mwalimu. Hilo ni rahisi kuliko kujenga darasa jipya.

Kijana ameanza kufundishwa kuchomelea kwa gesi. Miwani ya kuchomelea pale gereji ni moja tu: mmoja akichomelea, mwenzake anageuza uso. Tungeweza kuanzia hapo.