Kibarua changu cha kwanza cha sinema, na deni ambalo sijalilipa

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na wapo walioniuliza kama nimefunga duka. Sijafunga. Kuna jambo nilikuwa nalizungusha kichwani, na kila nikikaa kuliandika naona aibu. Leo nimesema liwalo na liwe.

Juzi mdogo wangu wa mwisho, yuko chuo mwaka wa pili, alinipigia simu kutoka Mwanza. Anasema akimaliza anataka kuja Dar kutafuta kazi za sinema. Si kuigiza. Anataka nyuma ya kamera: taa, sauti, hata kubeba nyaya. "Kaka, wewe si uliwahi kufanya? Niambie mtu anaanzaje." Nikamjibu jibu la watu wazima: maliza chuo kwanza, mengine baadaye. Nilipokata simu nikajiona mwongo. Kwa hiyo haya ninayoandika ni jibu lake, na wewe msomaji wangu soma kwa pembeni.

Mimi nilihitimu SAUT mwaka 2021, nikaingia Dar mwaka 2022. Basi lilitushusha stendi ya Magufuli pale Mbezi usiku, nina begi moja na vyeti ndani ya bahasha ya kaki. Nilikuwa nimeshapata gazeti la kuandikia, lakini si kuajiriwa. Nilikuwa mwandishi wa kulipwa kwa habari. Ikitoka, unapewa shilingi 10,000. Isipotoka, umefanya mazoezi. Wiki nzuri zinatoka nne. Wiki mbaya mhariri anakwambia, "Hii tumeishaisoma kwingine, bwana mdogo." Nauli, vocha na chakula ni juu yako. Nilikuwa nalala kwa binamu yangu Mwananyamala, na binamu ana mke, na mke wa binamu ana uvumilivu wenye mwisho. Ulikuwa ukapa wa kweli, ndugu zangu.

Sasa, kwa nini sinema? Sisi tuliokulia Mwanza miaka ile tunajua vibanda umiza. Unalipa sarafu, unabanwa kwenye benchi, jasho la wenzako linakumwagikia, na mbele yenu kuna televisheni moja. Hapo ndipo nilipomjua Steven Kanumba. Yule alikuwa wa kwetu Kanda ya Ziwa, mzaliwa wa Shinyanga, aliyekwenda Dar na kuanza kuonekana kwenye michezo ya Kaole pale ITV kabla hajawa jina la nchi nzima. Alipofariki Aprili 2012 nilikuwa na miaka 14. Mama yangu, ambaye hajawahi kununua mkanda hata mmoja, alilia kama amefiwa na mdogo wake. Nadhani siku ile nilielewa kwamba sinema zetu, pamoja na kelele zote tunazozipigia kuhusu ubora, zina watu wake.

Biashara yenyewe imebadilika sana. Zamani filamu ilimalizwa, msambazaji wa Kariakoo anainunua, inatoka kwenye diski, na wiki hiyohiyo nakala za wizi ziko mitaani. Siku hizi anayeshika pesa ni televisheni, na tamthilia ndizo zinazolisha watu. Kwa mtu anayetafuta kibarua hiyo ni nafuu. Filamu moja inaisha kwa siku chache, lakini tamthilia inahitaji mikono kila wiki.

Haya, mikono hiyo inapatikanaje? Mimi nilianza kwa ujinga wa msomi. Nilichapa wasifu wangu, kurasa mbili safi, nikazunguka ofisi za Kinondoni na Sinza. Walinipokea vizuri, wakaniambia weka hapo mezani. Hakuna aliyepiga simu. Sijui hata kama kuna aliyesoma.

Mlango ulifunguka upande ambao sikuutazama. Jirani yetu Mwananyamala alikuwa anapiga video za harusi. Jumamosi moja msaidizi wake akaugua, akagonga kwa binamu: "Yule kijana wa gazeti yupo? Aje anishikie taa." Nikaenda kushika taa kwenye sendofu. Nikapewa 10,000 na sahani ya pilau. Wiki mbili baadaye jirani akaitwa kwenye tamthilia, na mtu wa sauti alikuwa anatafuta msaidizi. Akasema, "Ninaye mmoja, hachoki mikono."

Mdogo wangu, hiyo ndiyo siri ya kwanza. Hapa mjini watu wa sinema na watu wa harusi ni walewale. Kamera inayopiga bibi harusi Jumamosi, Jumatatu iko lokesheni. Usidharau kushika taa kwenye sherehe. Anayekuona unashika taa ndiye atakayeulizwa, "Una mtu?"

Kazi niliyopewa ni ya kushika bumu, ile maikrofoni iliyofungwa kwenye mti mrefu. Ukiiona kwenye picha za watu wengine unadhani ni mchezo. Unainyanyua juu ya vichwa vya waigizaji, mikono imenyooka, dakika tatu, nne, tano. Ikishuka kidogo inaingia kwenye picha. Ikipanda sana sauti inakuwa kama ya mtu aliye kisimani. Kivuli chake kikidondoka kwenye uso wa mwigizaji, dairekta anapiga kelele "kata!" na watu wote wanakugeukia wewe. Usiku wa kwanza nilishindwa kunyanyua mswaki.

Halafu Dar yenyewe haitaki kurekodiwa. Bodaboda inapita. Jirani anafungulia muziki. Kunguru ndio usiseme, wanaona tumeanza tu nao wanaanza. Muda wote tulikuwa tunasubiri kitu kinyamaze. Na kila tulipomaliza kwenye chumba, mtu wa sauti aliamuru wote tusimame tulipo, asiseme mtu, kwa nusu dakika. Anarekodi ukimya wa chumba kile. Nilimuuliza wa nini. Akaniambia kila chumba kina ukimya wake, na mhariri asipokuwa nao hawezi kuziba mapengo kati ya sentensi moja na nyingine, mtazamaji atasikia kiraka. Chuoni nilifundishwa mambo mengi, hilo sikuambiwa.

Tulifanya siku sita, Desemba 2022. Makubaliano yalikuwa 30,000 kwa siku, kwa mdomo, tumesimama pembeni ya gari. Jumla 180,000. Kwa mtu wa habari nne kwa wiki, ile ilikuwa zaidi ya mshahara wa mwezi. Siku ya mwisho tukapiga picha ya pamoja, prodyuza akashukuru kila mtu, akasema malipo wiki ijayo, televisheni ikishamlipa.

Wiki ijayo ikaja na kupita. Ikaja Krismasi. Tuliokuwa hatujalipwa tulikuwa saba, na kwenye kundi la simu ujumbe ulikuwa uleule: "Bosi, vipi?" Kimya. Aliyekuwa na hali ngumu zaidi ni kaka wa jenereta. Huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Mtoto wake alikuwa anaanza darasa la kwanza Januari. Shule za serikali hazina ada, lakini sare, viatu na madaftari havijafutwa na mtu.

Mwanzoni mwa Januari 2023 prodyuza akanipigia mimi peke yangu. "Mwandishi! Kumbe uko gazetini, mbona hukusema?" Tukakutana baa moja Sinza. Akanihesabia 180,000 yangu yote mezani. Juu yake akaweka 20,000, akasema ya vocha. Kisha akaleta ombi: tamthilia inaanza kuonyeshwa, angependa nusu ukurasa wa burudani, na picha. "Na haya madogomadogo ya malipo tuyamalize kifamilia, si unajua watu wa magazeti wanavyokuza mambo."

Sisi waandishi wa Tanzania bahasha tunaijua. Tumeisemea kwenye semina, na wengine wameipokea wakitoka kwenye semina hizohizo. Mimi nilikuwa najiona msafi kwa sababu sijawahi kupokea ya mwanasiasa. Ile ya Sinza niliiita malipo yangu halali. Na kweli, 180,000 ilikuwa halali. Nilichojifanya sikioni ni zile 20,000, na kile kimya nilichokuwa nauziwa pamoja nazo.

Nikaandika. Habari ilitoka nusu ukurasa, na picha. Nilisifu waigizaji, nikasifu mandhari, nikaandika kwamba tamthilia imetoa ajira kwa vijana. Naam, niliandika hivyo kwa mkono wangu.

Wiki iliyofuata nikakutana na kaka wa jenereta kituoni Mwananyamala. Alikuwa amekata ule ukurasa, ameukunja vizuri mfukoni. "Mwandishi, umetutoa gazetini! Nimemwonyesha mama watoto." Kisha akashusha sauti: "Hivi wewe wameshakulipa?"

Nikasema, "Bado."

Akatikisa kichwa. Akaniambia shule zimeshafunguliwa na mtoto bado yuko nyumbani, hana sare. Akapanda daladala. Mimi nikabaki na 200,000, nusu yake ikiwa imeshaenda kwa mke wa binamu.

Hilo ndilo jambo lililokuwa linanizuia kuandika hapa. Mtu mwenye njaa akipokea jasho lake sina la kumlaumu. Lakini kazi yangu mimi ni kuwaambia watu kilichotokea. Mtu mmoja aliniuliza swali moja jepesi, jibu lake nilikuwa nalo mfukoni, nikamdanganya.

Baada ya simu ya mdogo wangu nilimtafuta kaka wa jenereta. Siku hizi ana jenereta yake mwenyewe, anakodisha kwenye misiba na sherehe. Nikamweleza yote. Akakaa kimya, halafu akacheka kidogo. "Mimi nilijua. Ulisema bado huku unaangalia viatu." Nikamwomba radhi. Akasema, "Sikiliza, mdogo wangu. Hela ulifanya vizuri kuchukua, na mimi ningechukua. Lakini ungeniambia, ningejua kwamba hela ipo. Ningekwenda kulala mlangoni kwake. Mimi nilidhani televisheni haijamlipa, nikawa namwonea huruma." Yeye alikuja kulipwa Machi, nusu. Nusu nyingine hadi leo hajaiona. Nilitaka kumtumia zile 20,000. Akakataa, akasema nimnunulie mtoto kitabu.

Sasa mdogo wangu, hili hapa jibu lako.

Njoo, lakini njoo na ufundi mmoja unaoujua kweli. Anayesema anaweza chochote anapewa kubeba maji. Anza na harusi. Fika kabla ya wengine, zima simu, kunja nyaya vizuri, usikae kwenye kiti cha mwigizaji.

Makubaliano yasiishie pembeni ya gari. Kama hawakupi mkataba, ukifika nyumbani tuma ujumbe: "Bosi, asante kwa kazi. Tumekubaliana siku sita, 30,000 kwa siku, malipo tarehe fulani." Akijibu "sawa" umepata ushahidi. Makubaliano ya mdomo nayo ni makubaliano, shida ni kuyathibitisha. Na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unaweza kupokelewa mahakamani. Omba sehemu ya malipo kabla ya kuanza, hata robo. Anayekasirika kwa kuombwa robo, jiulize atafanyaje ukidai yote.

Uliza kama kibali cha Bodi ya Filamu kipo, na kama serikali ya mtaa inajua mpo. Si umbeya. Kazi ikisimamishwa katikati, wa kwanza kukosa ni wewe.

Na la mwisho, ambalo mimi nililikosa. Waambie wenzako unalipwa kiasi gani na lini. Prodyuza mbaya hahitaji nguvu nyingi, anahitaji tu kila mmoja adhani yuko peke yake. Siku hizi mimi kazi yoyote niliyoshika bumu siiandiki gazetini, nampa mwenzangu. Nimepoteza habari kadhaa nzuri kwa sababu hiyo.

Usidhani nakukatisha tamaa. Mwaka 2021 Vuta N'kuvute, ya Amil Shivji kutoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa tamasha la Toronto. Ukiitazama, kaa hadi majina yaishe. Yale majina madogo yanayopita mwishoni wakati watu wanainuka ndiyo watu wa taa, wa sauti, wa nyaya. Nami kila nikiyaona namkumbuka kaka wa jenereta, ambaye kwenye ile tamthilia yetu jina lake halikuandikwa. Langu liliandikwa, na lilikosewa herufi moja. Nadhani nilistahili.

Kitabu cha mtoto nimeshanunua, kiko hapa mezani. Yuko darasa la juu sasa na sijawahi kumwona. Jumapili nakipeleka mwenyewe.

Wadau, mnasemaje? Ningekuwa wewe pale Sinza, ungefanyaje? Msinionee huruma, semeni ukweli.