Sinagogi la Bradford na Majirani Zake

Bradford, kaskazini mwa Uingereza, ni mji uliotajirika kwa sufi. Wafanyabiashara wa Kiyahudi kutoka Ujerumani waliuhamia katika karne ya 19, na mwaka 1881 wakafungua sinagogi lao katika mtaa wa Bowland. Apitaye nje huweza kudhani ni msikiti, kwa matao yake ya Kiandalusi na mawe ya milia.

Biashara ya sufi ikadorora, vijana wakahama, jamaa ikabaki wachache. Waislamu wenye asili ya Pakistan, waliokuja kufanya kazi viwandani, wakawa ndio majirani. Kufikia mwaka 2012 paa lilivuja, na mwenyekiti Rudi Leavor, aliyeikimbia Berlin ya Hitler mwaka 1937 akiwa mtoto, alifikiria kuliuza jengo.

Waislamu wa mji, Baraza la Misikiti likiwamo, wakasaidia kutafuta fedha, na mfuko wa turathi ukatoa nyingine. Wako watakaouliza, inafaaje? Sisi twawaelekeza Suratul Hajj, aya ya 40, iliyoyataja masinagogi kabla ya misikiti.

Baadaye Mwislamu mmoja aliingizwa katika baraza la sinagogi hilo.