Mabaharia Wanakwenda Wapi

Usiku nilioishinda pwani yetu nilikuwa nimejifunga kikoi nilichonunuliwa Kilwa. Sikukusudia maana yoyote. Ndiyo nguo yangu ya kulalia, na ilikuwa saa nane usiku hosteli. Meli zangu za Kireno zilikuwa zimemaliza meli ya mwisho ya adui, nikaruka kitini nikipiga kelele hadi mwenzangu wa chumbani akafumbua jicho moja. "Umeshinda nani?" akauliza. Nikafungua mdomo nimjibu, nikaona afadhali nimwambie alale.

Gemu yenyewe ni Age of Empires II. Ilitoka mwaka 1999, ina karibu umri wangu, na bado watu wanaicheza kana kwamba imetoka jana. Mwaka 2015 ilipata nyongeza ya falme za Kiafrika, iliyoleta Waberberi, Waethiopia, Wamali na, usicheke, Wareno. Waswahili hatukuwamo kwenye orodha ya kuchagua. Tupo, ila kama watu wa kupigwa. Moja ya visa vya nyongeza hiyo inakukalisha kwenye kiti cha Francisco de Almeida, aliyeondoka Lisbon Machi 1505, Julai akaiteka Kilwa na kuanza kujenga ngome, na Agosti akaiteka Mombasa na kuichoma moto. Ukiendelea unafika hadi Diu, pwani ya Gujarat, ambako mwaka 1509 aliwapiga Wamamluki na washirika wao, mwaka mmoja baada ya mwanawe Lourenço kuuawa vitani Chaul.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia. Tarehe hizo nilizijua kabla ya kuijua gemu. Hazikunizuia.

Niseme ukweli, vita vya baharini katika gemu hii ni vitamu, na utamu wake uko kwenye hesabu. Anayeshinda si mwenye meli nyingi dakika ya arobaini, ni aliyevua samaki wengi dakika ya tano. Mashua za uvuvi ndizo zinazolisha kila kitu, na ukimwachia adui avue kwa amani umekwisha, hujajua tu. Kisha kuna mduara wa meli tatu. Meli za mishale zinapiga kwa mbali. Meli za moto zinazifuata na kuziunguza zikizikaribia. Mashua za baruti zinajilipua katikati ya meli za moto zilizosongamana, lakini mishale huzimaliza kabla hazijafika. Hakuna mfalme. Unatazama adui anatengeneza nini, unatengeneza kinachomla. Wareno wana na karaveli yao, ambayo mshale wake hupenya meli ya kwanza ukaidhuru na ya nyuma yake, kwa hiyo ukiwa nao unataka adui ajipange mstari, na ukipigana nao unatawanya meli zako kama kuku walioona mwewe.

Hayo nilijifunza katika muhula ambao nilipaswa kuandika tasnifu. Mada yangu ni majahazi yaliyofanya biashara kati ya Kilwa na Unguja baada ya uhuru. Nyaraka ni chache, hivyo nilihitaji manahodha wazee wa kuhojiwa, na nahodha mzee ninayemjua vizuri kuliko wote ni mjomba wangu, kaka wa mama. Aliacha bahari kabla sijazaliwa. Kwa nini, nyumbani hapaulizwi. Nilikuwa mtoto nikauliza mara moja mezani, mama akanifinya paja.

Nikapanda basi hadi Kilwa Masoko nikiwa na kinasa sauti, fomu za ridhaa na maswali thelathini na mawili. Mjomba alinipokea vizuri sana. Alinichinjia kuku. Alinipeleka Kisiwani kwa mashua ya jirani tukatazama msikiti mkuu na Gereza, akanionyesha mikoko, akanisimulia mambo ya kila mtu isipokuwa yake. Nikitoa kinasa sauti, anakumbuka ana mtu wa kumwona sokoni. Zilipita siku tisa. Msimamizi wangu alituma ujumbe kuuliza mahojiano yanaendeleaje, nikamjibu yanaendelea.

Siku ya kumi mvua ilitufungia ndani. Nikafungua kompyuta, nikachagua ramani ya visiwa na adui wa kompyuta wa kiwango cha juu kabisa, ambaye sikuwahi kumshinda baharini. Mjomba akavuta mkeka akaja kukaa nyuma yangu.

"Mjomba, hizo ni nini?"

Pwani mjomba na mpwa huitana vivyo hivyo, mjomba kwa mjomba, na mgeni akisikia huchanganyikiwa nani ni nani.

"Meli za vita, mjomba. Napigana na hawa wekundu."

Akatazama kwa muda. "Upepo unatoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Katika gemu hii upepo haupo. Tanga limejaa upande wowote meli inakokwenda. Ukibonyeza kaskazini inakwenda kaskazini, ukibonyeza kusini inakwenda kusini, kwa mwendo uleule. Nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa. Yeye alipanga maisha yake yote ya ujana kwa kaskazi na kusi, lini upakie, lini usubiri, lini upige bisha siku nzima usogee kidogo tu. Hata Almeida hakuwa na ujanja mbele ya hilo: alitufikia Julai katika kusi, na ni upepo huohuo uliomvusha hadi India kabla msimu haujageuka. Mimi nilikuwa nimeyaandika haya kwenye sura ya pili, kwa tanbihi. Nilikuwa sijawahi kuyahisi kama nilivyoyahisi nikitazama kidole cha mjomba kikipita juu ya kioo kunionyesha wapi ingekuwa joshi na wapi demani, kama bahari ile ingekuwa bahari.

Nikaendelea kucheza. Meli yangu mbele ilianza kufuka moto. Mbinu yangu siku zote ni kuiacha ipige hadi izame, maana inavuta mishale ya adui huku nyingine zikipiga. Ikazama. Yakabaki maji.

"Watu wake wamekwenda wapi?" akauliza.

"Wapi, mjomba?"

"Wa meli hiyo. Sioni mtu anayeogelea."

Nikasema hakuna watu, ni meli tu. Akanyamaza. Ikazama ya pili. Ya tatu ilipoanza kufuka akanishika bega, si kwa nguvu. "Irudishe hiyo."

"Nikiirudisha watanivunja safu."

"Irudishe, mjomba."

Nikairudisha. Ufukweni nilikuwa na wanakijiji wanne waliokuwa wakikata miti, nikawatuma waitengeneze, kwa kuwa gemu inaruhusu hivyo ikiwa meli iko karibu na nchi kavu. Dakika moja baadaye ilikuwa nzima. Akanifanya niirudishe nyingine, na nyingine. Kila iliyojeruhiwa inatoka, iliyopona inaingia. Adui, ambaye ni kompyuta na hana subira, alizifuata meli zangu mbovu hadi chini ya minara yangu, akapigwa kutoka nchi kavu na baharini kwa pamoja. Sikupoteza hata meli moja tena. Yeye alipoteza mbao, kisha dhahabu, kisha mashua zake za uvuvi, na baada ya saa moja na nusu akasalimu amri.

Wachezaji hodari watasema hiyo ni mbinu ya kawaida, kila mtu anaijua. Najua. Mimi nilikuwa nimeisoma mara nyingi, nikaiona ni ya waoga.

Mjomba hakushangilia. Mvua ilikuwa imepungua na mtu alikuwa anaadhini mbali. Akaanza kuzungumza, akitazama kioo kilichoandika kwamba nimeshinda, na hakunyamaza hadi taa ilipokatika, na baada ya hapo akaendelea gizani. Kinasa sauti kilikuwa kwenye begi, hatua tatu kutoka nilipokaa. Sikusimama.

Asubuhi nikamwuliza, kwa adabu zote nilizofunzwa, kama naweza kuyaandika. Fomu ya ridhaa nilikuwa nayo mkononi.

"Yale yalikuwa ya mchezo," akasema. "Si ya kitabu chako."

Nikamwomba walau kidogo. Akafikiri huku akichambua dagaa. Akaniruhusu niandike hivi, na niishie hapa: jahazi lilikuwa na watu saba, ilikuwa kusi, na waliorudi walikuwa watano.

Sura ya nne ya tasnifu yangu bado ina pengo. Msimamizi ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu, chanzo kiko wapi? Kisa cha Almeida sikukimaliza. Nimesimama kabla ya Diu. Jana mjomba alipiga simu, akaniuliza habari za masomo na habari za mama, kisha akauliza kama wale wekundu wamerudi.