Nilivyolipa Deni Langu Penye Mchanga Unaohama



Mimi ni karani wa parokia. Kitabu cha Ubatizo kiko mezani pangu kila siku, na ndimi niandikaye humo jina la mtoto, la wazazi wake na la msimamizi wake. Wazazi wakija kuandikisha huwaambia, "Chagueni mtu mtakayekaa naye kwa amani, maana mtoto atamhitaji." Leo nataka kuwasimulia jinsi neno hilo lilivyonirudia mwenyewe.

Mwaka 2025 mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka tisa. Alikuwa katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Siku moja alirudi nyumbani akaniuliza, "Baba, katekista anataka kila mtoto amtaje baba yake wa ubatizo. Wangu ni nani?" Nikamtajia. Akauliza tena, "Mbona hajafika hapa hata siku moja?" Mke wangu akanitazama. Mimi nikatoka nje kama mtu aliyekumbuka kufunga mbuzi.

Habari yenyewe ni hii. Baba yake wa ubatizo ni rafiki yangu tuliyesoma naye chuo cha ualimu. Tulilala bweni moja. Likizo fupi sikuweza kwenda kwetu kwa ajili ya nauli, basi nilikwenda kwao, na mama yake akanipikia kama mwanawe. Tulipomaliza, yeye alipata kazi ya kufundisha upande wa Endulen, wilaya ya Ngorongoro. Mimi sikupata, nikashika ukarani huku Karatu. Mwaka 2016 alimsimamia mwanangu. Mwaka 2018 alinikopesha shilingi 300,000 ninunue mabati, nami nikaahidi kulipa nikivuna maharage. Maharage yakavunwa, yakauzwa, fedha ikaenda kwingine. Aliponipigia simu mara ya kwanza nikampa udhuru. Alipopiga mara ya pili na ya tatu, sikupokea. Baadaye akaacha kupiga, nami nikajidanganya kwamba mambo yamekwisha.

Usiku ule mke wangu akasema, "Tutauza nguruwe wawili, na shule zikifungwa mwezi wa Juni tutakwenda." Yeye ndiye aliyempigia mke wa Mwalimu. Jibu likawa fupi: "Njooni."

Tukaondoka Ijumaa, sisi wawili na watoto watatu. Tukalipa ada getini Lodoare, gari likapanda msituni mpaka ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Kule juu kulikuwa na ukungu na baridi, watoto wakajifunika kanga moja. Tulipoteremka upande wa pili, miti ikaisha, nchi ikawa kavu, vumbi likatupokea. Jioni tukafika kwa Mwalimu. Walitukaribisha vizuri, tukanywa chai ya maziwa, watoto wakacheza na wenzao. Lakini habari ya fedha hakuna aliyeitaja. Bahasha ilikuwa mfukoni mwangu, na usingizi haukuja.

Asubuhi Mwalimu akasema, "Karani, nimekodi gari kwa jirani. Leo tuwapeleke watoto wakaone Mchanga Unaohama."

Mahali hapo pako karibu na bonde la Olduvai, ambako Mary Leakey aliokota fuvu la kale sana mwaka 1959. Jina lenyewe latokana na neno la Kimasai oldupai, yaani katani ya porini. Kutoka hapo tukapita uwanda mtupu, nyasi fupi zilizokauka, upepo ukivuma bila kupumzika. Halafu kwa mbali tukaona kitu cheusi kimelala peke yake katika uwanda. Watoto wakadhani ni ng'ombe wengi wamelala.

Ni tuta la mchanga mweusi, lenye umbo la mwezi mwandamo. Kimo chake ni kama mita 9, na ukilizunguka kwa nje urefu wake ni kama mita 100. Mchanga huo ni majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, ambao kwa Kimasai maana yake ni Mlima wa Mungu. Mlima huo bado u hai. Mwaka 2007 ulitoa majivu tena. Wamasai hupaheshimu mahali pale, kwa hiyo Mwalimu aliwakataza watoto kupanda juu ya tuta na kuchukua mchanga.

Kisha akawafundisha kama darasani. Upepo hutoka mashariki. Husukuma chembe zipande mgongo wa tuta polepole, na zikifika juu huporomoka upande wa magharibi. Hivyo nyuma hupungua na mbele huongezeka, na tuta lote husogea kama mita 17 kwa mwaka. Ziko alama zilizowekwa chini kuonyesha lilipokuwa miaka ya nyuma.

"Mbona upepo hauutawanyi wote?" mwanangu akauliza.

Mwalimu akatoa mfukoni sumaku ya spika ya redio kuukuu, akaigusisha mchangani. Alipoiinua, mchanga ulikuwa umeishika, umesimama kama nywele. "Una madini ya chuma ndani yake," akasema. "Watu husema ndiyo maana chembe zinashikana."

Mtoto akafurahi sana, akamshika mkono. Akamwuliza, "Baba wa ubatizo, mimi nilipobatizwa mchanga huu ulikuwa wapi?"

Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Miaka tisa mara 17?" Mtoto akahesabu kwa vidole na kwa kijiti chini, akapata 153. Basi wakaenda wote wawili kuelekea mashariki, wakihesabu hatua ndefu, nami nikawafuata. Walipofika, mtoto akaweka jiwe dogo, akakimbilia wenzake.

Tukabaki wawili. Tulipokuwa tukirudi, Mwalimu akasimama njiani. "Na hapa," akasema, "ndipo ulipokuwa mwaka ule ulipoacha kupokea simu yangu."

Nikatoa bahasha. Nikasema, "Mwalimu, nimekosa. Fedha yako hii hapa, nimeichelewesha miaka saba." Akaipokea. Akazihesabu zote, noti moja moja, akizibana kifuani zisipeperuke. Sikuona vibaya, mwenye mali ana haki ya kuhesabu mali yake. Akasema, "Zimetimia."

Halafu akaniambia neno ambalo sitalisahau. "Karani, ile simu ya kwanza nilikudai, kweli. Lakini zile nyingine sikupiga kwa ajili ya fedha. Mama alikuwa anaugua, naye alikuwa akikuulizia. Tulimzika wiki iliyofuata."

Wasomaji wapenzi, nilikaa chini pale pale. Nilimkumbuka yule mama akinipakulia ugali, akisema kijana wa watu asilale na njaa. Alikuwa ananiita, nami nikaiacha simu ilie kwa sababu ya mabati. Deni la fedha nimelilipa. Hili nitalilipa kwa nani?

Mwalimu hakuniambia si kitu, maana kilikuwa kitu. Alikaa karibu nami mpaka watoto walipotuita kula. Mke wake alikuwa amefungasha viazi vitamu na chai, tukala tumekinga upepo nyuma ya gari. Jioni tulipoondoka, mwanangu alikaa mbele kwa baba yake wa ubatizo, akimwuliza maswali njia nzima.

Jumapili tukasali pamoja katika kigango chao, na nia ya sala yetu ilikuwa kwa ajili ya roho ya mama yake. Komunyo ya Kwanza ilipofika, Mwalimu alisafiri mpaka kwetu, akasimama nyuma ya mwanangu. Siku ile mtoto hakuwa na haja ya kuniuliza.

Ndugu msomaji, yawezekana nawe unalo jina ambalo simu yake ikilia unaigeuza kifudifudi. Huenda unadaiwa debe la mahindi, au nauli, au kitu kidogo zaidi. Kama huna cha kulipa, pokea, useme kweli kwamba huna. Mwenye kukudai aweza kungoja fedha. Lakini huwezi kujua leo anakuitia nini, na yuko nani nyumbani kwake anayekuulizia.