Masizi ya Mafinga

Mbeya, Jumamosi 2 Machi 2024

Fundi Mchina wa kambi ya barabara amehama leo. Ameniachia brashi zake, kipande cha wino mkavu na bunda la karatasi nyembamba. Somo lenyewe lilikuwa fupi. Alisugua wino kwa maji kidogo kwenye kisahani, akachovya, akavuta bua la mwanzi kutoka chini kwenda juu. Hakuchora fundo hata moja. Alipotaka fundo alitua tu, wino ukajikusanya, kisha akaendelea. Akanipa brashi: "Fanya mingi, mwalimu."

Mbeya, Jumanne 5 Machi

Mvua tangu alfajiri, mlima Loleza hauonekani. Kila aliyewahi kuona picha za Kichina ananiambia nitoke nikachore ukungu wa kwetu. Sitaki. Ukungu wao hauhusiani na hali ya hewa. Ni karatasi ambayo haikuguswa, na mchoraji aliamua pa kuiacha.

Mimi nimekulia kwenye rangi ya mafuta na hadibodi, mtindo wa Tingatinga. Unapaka usuli, unasubiri ukauke, unaweka twiga, ndege, ua. Pakibaki nafasi unajaza madoa, maana mteja hapendi pengo. Ukiharibu unapaka juu. Karatasi hii, ya maganda ya mti na mabua ya mpunga, haina huruma hiyo. Inanywa wino papo hapo. Mkono ukisita, doa litakusema.

Mbeya, Jumapili 10 Machi

Baada ya ibada nimeshinda nikisoma juu ya wasanii wa Kichina. Qiu Zhijie, kuanzia 1990 hadi 1995, alinakili maandishi yaleyale ya Wang Xizhi juu ya karatasi ileile moja, tena na tena, mpaka ikawa nyeusi tititi. Kazi yenyewe ameiita ya mara elfu. Na hayo maandishi, yaliyoandikwa mwaka 353, yamebaki kwa nakala tu. Inasemekana mfalme Taizong alizikwa na yale ya asili. Ukoo mzima wa wino unaheshimu nakala na hakuna anayeona haya. Xie He, karne ya 6, alikuwa ameshaweka kunakili miongoni mwa kanuni zake sita za uchoraji.

Hawa wa siku hizi wanagombana na wazee wao bila kificho. Wu Guanzhong, aliyepitia Paris, aliandika mwaka 1992 kwamba ufundi wa brashi na wino, ukitengwa na picha yenyewe, thamani yake ni sifuri. Zhang Ding, mkongwe mwenzake, akamjibu hadharani. Xu Bing naye alibuni maelfu ya herufi zinazofanana na za Kichina lakini hazina maana, akazichonga kwenye mbao, akachapa vitabu ambavyo hata profesa hawezi kuvisoma. Jeuri ya namna hiyo naitamani.

Sisi tunalaumiwa kwamba tunaigana. Ni kweli, tunaigana. Ila tunamwiga nani? Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, na mwaka 1972 risasi ya polisi ikammaliza. Kazi zake nyingi ziliondoka na wageni waliozinunua. Kina Ajaba Abdallah Mtalia na January Linda walimwona akishika brashi. Mimi sijawahi kusimama mbele ya ubao hata mmoja aliouchora kwa mkono wake. Ninayemwiga ni twiga aliyeuzika wiki iliyopita. Mchina anabishana na babu yake. Mimi nabishana na mteja, tena juu ya bei.

Mafinga, Jumamosi 16 Machi

Nimefikia kwa dada, nijaribu kutengeneza wino. Wino wa zamani wa Kichina ni masizi ya msonobari na gundi ya ngozi, basi, na msitu huu wa Sao Hill umejaa misonobari. Shemeji, fundi wa mbao, amenipatia vifundo vilivyojaa utomvu. Tumevichoma nyuma ya jiko tukiwa tumeinamisha bati juu ya moshi. Moshi mzito, mpaka jirani amekuja kuuliza kama kuna nyumba inaungua. Masizi tumeyakung'uta kwa unyoya wa kuku.

"Kaka, masizi ya bure yamejaa chini ya sufuria zangu," dada akasema. Nimeyajaribu pia. Yana punje na mafuta. Haya ya utomvu ni laini kama wanja. Ngozi nimeichukua machinjioni, nikaichemsha hadi ikawa gundi. Harufu yake siiandiki humu.

Nikiuzimua kwa maji, wino wangu unaelekea bluu, na ule wa fundi unaelekea kahawia. Nimekaa nikiitazama michirizi miwili kando kwa kando mpaka chai ikapoa.

Iringa, Jumatatu 18 Machi

Asubuhi Igeleke, si mbali na mjini. Watu na wanyama kwa rangi nyekundu juu ya mwamba, baadhi wamefifia. Sidai undugu na aliyechora. Ila mguu wa mtu mmoja umenisimamisha: mstari mmoja, mnene juu, mwembamba chini, haukurudiwa. Nimeunakili mguu huo hadi saa sita. Mtoto wa shule ameniuliza mbona simchori mtu mzima. Nikamwambia bado najifunza mguu. Ameondoka akicheka, na ana haki.

Jioni kwa mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba. Msimu wa ulanzi, pombe ya mwanzi, umekolea. Wagema hukata ncha ya chipukizi la mwanzi asubuhi na jioni, chombo kiitwacho mbeta kikikinga kinachodondoka. Kwa Wachina mwanzi ni mfano wa muungwana, huinama wala hauvunjiki. Kwa Mhehe ni kilabu.

Nimeuchora wa kwetu kwa wino wa Mafinga, kichwa kimekatwa, mbeta iko mdomoni. Pembeni nimeacha karatasi tupu, kwa makusudi. Mzee ameishika picha karibu na taa.

"Mwanangu, huu haujainama vya kutosha. Utadondosha nje."

"Na huku kulikobaki kweupe, baba?"

"Huko hakuna neno. Ni mwanzi."

Nimechora mwingine hapohapo, yeye akinimulikia. Nao ameukataa.