Hita ya Hilux chini ya matao ya reli

Ukikuta zulia la upande wa abiria limelowa, na kioo cha mbele kina ukungu wenye harufu tamu, usisingizie mvua ya London. Ni rejeta ndogo ya hita inavuja.

Nilimpigia kaka yangu, fundi Mombasa. "Ndugu yangu, iruke hita, unganisha mipira miwili, basi." Kwao sawa; nani huwasha hita Likoni? Hapa Januari mke wangu hupeleka watoto saa moja unusu asubuhi, bado giza, na haoni mbele.

Gereji iko Peckham, chini ya matao ya reli. Treni ikipita juu, spana zinacheza mezani. Kifaa chenyewe rahisi. Kazi ndiyo ghali, maana dashibodi nzima hushushwa. Nilitaka kuiuza, ila dizeli yangu ni Euro 6: ULEZ, iliyoenea London nzima Agosti 2023, hainitozi zile pauni 12.50 kwa siku. Nikakubali siku mbili za basi.

Sasa watoto wanagombania kiti cha mbele. Skrubu tatu zilibaki kikombeni. Fundi akasema hazina kazi. Nimeziweka kwenye droo.