Mguu wa Kukodi

Nilikuwa beki wa timu ya mtaa hapa Tabora. Kocha hakunituma mpira. Alinituma miguu ya watu. "Mlaze yule," ananiambia, nami namlaza. Jukwaa linashangilia, jioni nanunuliwa bia.

Njia hii ya misafara, yenye miembe, iliwajua rugaruga, vijana wa vita wa Mirambo. Alipokufa 1884, dola yake ikasambaratika. Mkanada Derek Boogaard alipata ulaji kwa ngumi katika hoki ya barafu: mechi 277, mabao 3. Alikufa 2011, miaka 28 tu. Ubongo ukakutwa umeharibika.

Jana nimekutana na dogo niliyemvunja goti. Anauza asali stendi, anachechemea. "Shikamoo, braza."

Nikashindwa kuitikia.